Maswali ya Wasomaji: Klitoria, Ua la Buluu la Uani

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia mmea mmoja. Ni ule utambaao kwenye nyua na nyaya za seng'enge hapa pwani ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, wenye ua la buluu iliyokoza lililofumbuka kama kombe, na katikati lina doa jeupe lenye umanjano. Wengine mwauita ua la buluu, wengine chai ya buluu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaujua kwa jina la klitoria, na hilo ndilo tutakalotumia hapa. Ni wa jamii moja na kunde, mbaazi na fiwi, na hilo litaeleza mengi katika majibu yafuatayo.

Assalaam alaykum. Nilichuma maganda makavu ya ua la buluu kando ya njia, nikapanda mbegu 40 kwenye vikopo. Wiki tatu zimepita na zimeota 4 tu. Nizimwagilie dawa gani? Bi M., Kisauni

Wa alaykum salaam, Bi M. Dawa haihitajiki, na hizo 36 usizitupe. Chekecha udongo uzitoe. Ukizikuta bado ngumu na zinang'aa, ni nzima.

Ganda la mbegu ya klitoria halipitishi maji. Mmea wa porini hujikinga hivyo: mvua ya uongo ikinyesha siku mbili kisha jua likarudi, mbegu zote zisije zikaota pamoja na kufa pamoja. Mbegu iliyotoka kwenye ganda juzi ndiyo ngumu zaidi. Ikikaa mahali pakavu kwa miezi sita hivi ugumu hupungua wenyewe, lakini kwa mpanda bustani kungoja hivyo si lazima.

Nunua kipande cha msasa wa seremala, wa kati, namba 120. Shika mbegu baina ya vidole na utafute kitovu chake, kile kialama cheupe pale iliposhikana na ganda. Geuza, usugue mgongo, yaani upande ulioelekeana na kitovu. Misuguo mitano au sita inatosha. Utaona mng'ao wa kahawia umepotea na weupe unaanza kuchungulia. Simama hapo hapo. Usisugue penye kitovu, kwani kiini cha mche kiko karibu yake na ukikikwaruza umeua mbegu. Kama unazo nyingi, bandika msasa ndani ya kopo la maziwa, uso wenye mchanga ukitazama ndani, utie mbegu, ufunike na kutikisa kwa nguvu dakika tano.

Kisha zilowekwe kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi hazitafanana. Zilizopokea maji zitakuwa zimevimba karibu mara mbili, ganda limelegea na kufanya mikunjo. Zilizobaki ndogo na ngumu kama changarawe zirudi kwenye msasa. Zilizovimba zipandwe siku hiyo hiyo, maana zikilala majini usiku wa pili huanza kunuka.

Wako wanaomwagia maji yanayotokota. Wakati mwingine hufaulu, na wakati mwingine ni kuzipika. Msasa hauna bahati nasibu.

Kina cha kupanda ni sentimita 2, mbegu mbili kila shimo. Kwa joto letu zitachomoza baina ya siku 5 na 10. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na hauvumilii kuguswaguswa, kwa hiyo pakiti za maziwa zilizotobolewa chini zinafaa kuliko sinia la miche: mche ukiwa na majani manne ya kweli, unaichana pakiti ubavuni na kuuhamisha na udongo wake wote. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi na Aprili, au mvua za vuli kuanzia Oktoba. Ukipanda Januari wakati wa kaskazi utaota vilevile, ila utakuwa mtumwa wa ndoo.

Huku kwetu vichakani kuna mimea mingi ya kutambaa yenye maua ya zambarau. Nitajuaje niliyoshika ndiyo yenyewe na si upupu? Msomaji, Mtongwe

Swali la maana, na lingetangulia yote kama barua zingepangwa kwa uzito.

Tazama jani kwanza. Jani la klitoria lina vijijani vitano, mara nyingine saba, vimepangwa wawiliwawili na kimoja kimesimama ncha. Upupu una vijijani vitatu vikubwa. Kuna na mmea mwingine wa malisho uliotoroka mashambani, ua lake zambarau hafifu na umbo lake hukaribia kabisa la klitoria. Nao jani lake ni vijijani vitatu. Kwa hiyo ukihesabu vitatu, acha.

Kisha ua. La klitoria hukaa moja moja, au mawili pamoja, kwenye kikonyo kifupi, na limepinduka: petali kubwa iko chini mfano wa kitambaa kilichotandazwa, ilhali kwenye ua la kunde petali hiyo husimama juu. Maua ya upupu huning'inia kwa vishada, ya zambarau iliyoiva. Ganda la upupu lina manyoya ya kahawia yanayowasha, na huhitaji kuambiwa mara mbili. La klitoria ni bapa, jembamba, urefu wa sentimita 5 hadi 12, na ndani mna mbegu 6 hadi 10 za kahawia, kijani kibichi cha zeituni au nyeusi, mara nyingi zenye madoa.

La kuogopa zaidi ni ututi. Nao hutambaa kwenye nyua hizo hizo, ni wa jamii ya kunde, na mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi huwavutia watoto. Mbegu ya ututi iliyotafunwa au kutobolewa inaweza kuua, na kiasi kidogo sana chatosha. Jani lake lina vijijani vingi vidogo kama vya mkwaju. Mtoto akishukiwa kuitafuna, apelekwe hospitali mara moja hata kama hajaonyesha dalili yoyote, kwani dalili zake huchelewa kwa saa kadhaa. Na kwenye uzio unaochumia maua ya chai, ung'oe ututi wote na mizizi yake.

Wangu umejaa roshani nzima, majani ya kijani kibichi yanang'aa, lakini ua nahesabu moja au mawili kwa wiki. Natia samadi ya kuku kila mwezi. Nakosa nini? Dada wa Nyali

Dada, hukosi kitu, umezidisha. Klitoria haitaki kubembelezwa.

Mmea huu una vifundo mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani na kuupa. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi. Ukimpa mtu aliyeshiba sinia jingine la wali, atanenepa tu, na klitoria hunenepa kwa majani. Acha samadi kabisa kwa miezi mitatu. Ukiona lazima utie kitu, tia fosforasi: kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya TSP, ambacho ni kama gramu 5, kwenye shimo la kila mche wakati wa kupanda, basi.

Pili ni jua. Roshani ya ghorofa inayotazama mashariki hupata jua la asubuhi, na kufikia saa tano kivuli cha jengo la jirani kimeshafika. Klitoria inataka jua la wazi saa sita kwa siku au zaidi. Ukiwa na saa tatu utapata pazia zuri la kijani, na hilo nalo lina faida yake, ila usilidai maua.

Tatu, angalia kama kuna maganda yanayoning'inia. Ua hukaa siku moja tu likiwa bora, kisha huanguka na ganda huanza. Mmea ukishabeba maganda mengi huona kazi imekwisha na kupunguza maua. Anayetaka maua hana budi kuyachuma kila asubuhi na kukata kila ganda changa analoliona. Mche ukifika sentimita 30, ukate ncha yake kwa kucha, ili utoe matawi mawili au matatu kutoka chini. Maua hutokea kwenye matawi machanga, kwa hiyo matawi mengi ni maua mengi. Kwa kawaida ua la kwanza huja baina ya wiki ya sita na ya kumi.

Chombo kiwe ndoo ya lita 20 yenye matundu matano au sita chini. Udongo: sehemu mbili za udongo mwekundu wa shamba, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi. Ndoo moja mche mmoja, au miwili kwa anayebana nafasi. Mpe wavu au kamba za mkonge zenye urefu wa mita mbili; akikosa pa kupanda atajisokota mwenyewe, na katikati ya fundo hilo majani yataoza.

Majani yanageuka manjano. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, udongo ni huu wa mawe ya matumbawe, na maji ni ya kisima. Mzee S.

Shikamoo Mzee. Klitoria ni miongoni mwa mimea michache ya bustani inayovumilia udongo wa chokaa kama wa kisiwani, kwa hiyo usiwe na haraka ya kulaumu matumbawe. Hebu angalia manjano yameanzia wapi, kwani hapo ndipo jibu lilipo.

Yakianzia majani ya chini, ya zamani, na jani zima likawa manjano sawasawa, mmea una njaa ya naitrojeni, ambayo maana yake ni kuwa vifundo havifanyi kazi. Chimba pembeni kwa uangalifu, utoe uzi wa mzizi, uuoshe. Vifundo ni vijiduara kama punje za mtama vilivyoshikamana ubavuni mwa mzizi. Kata kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu au waridi kama nyama, kinafanya kazi. Kukiwa na weupe au ukijani, kimelala au kimekufa. Kama vifundo havipo kabisa, chukua viganja viwili vya udongo kutoka shamba linalopandwa kunde kila mwaka, uchanganye kwenye udongo wa juu kuzunguka shina na umwagilie. Bakteria wa kunde ndio hao hao wa klitoria. Wasichoweza ni kuishi kwenye udongo uliojaa maji muda wote, kwa hiyo ndoo isiyo na matundu huua vifundo kabla haijaua mmea.

Yakianzia majani machanga ya juu, na mishipa ikabaki ya kijani huku katikati ikawa manjano, hilo ni tatizo la chokaa: madini ya chuma yamo ardhini lakini mmea hauyafikii. Mara nyingi kifusi cha ujenzi na saruji ya zamani ndivyo vinavyolileta, kuliko tumbawe lenyewe. Ondoa kifusi upana wa sentimita 40 na kina hicho hicho, ujaze udongo mwekundu na mboji.

Na kama kingo za majani zimeungua na kuwa kahawia, huku manjano ni kidogo, shuku kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye ndoo kila maji yanapokauka. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za ndoo. Mara moja kwa mwezi mimina maji matamu, ya mvua yakipatikana, mara mbili ya ujazo wa ndoo, polepole, yapite chini yaoshe. Baada ya hapo mwagilia pale tu sentimita tatu za juu zinapokuwa kavu ukitia kidole.

Nimeona watu wanauza chai ya buluu kwa bei ya kutisha. Nilikausha maua yangu juani siku mbili, yakawa rangi ya kijivu na chai ikatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Halafu jirani yangu alitumia maua hayo hayo yakiwa mabichi, chai yake ikawa kijani! Tueleze. Mama wa Majengo

Mama, hapa kuna makosa mawili tofauti, tuanze na la jua.

Rangi ya ua hili ni ya jamii ile ile inayotia rangi zabibu na kabichi nyekundu, ila yake ni imara kuliko nyingi. Imara kwa moto, si kwa jua kali. Chuma asubuhi, umande ukishakauka na ua limefumbuka kabisa, baina ya saa moja na nusu na saa tatu. Toa kile kikombe cha kijani kinachoshika ua chini, kwa sababu hukawia kukauka na ndicho kinacholeta ladha ya majani. Tandaza juu ya ungo au wavu wa mbu, safu moja, ua lisilalie ua, kivulini penye upepo. Siku mbili hadi nne zinatosha wakati wa kaskazi. Wakati wa masika hewa ni maji matupu na yataota ukungu kabla hayajakauka, kwa hiyo tumia kikaushio au jiko la oveni kwenye nyuzi 45 hadi 50, mlango wazi kidogo, kwa muda wa saa nne hadi sita. Ua lililokauka sawasawa huvunjika kama karatasi ukilifinya, na bado ni buluu. Likikunjika bila kuvunjika, lirudi kwenye ungo. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kabatini, mbali na mwanga.

Ujue pia hesabu yake kabla hujaingia biashara: ua ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo kilo moja ya maua makavu inadai zaidi ya kilo kumi za mabichi, yaliyochumwa moja moja kwa vidole. Bei haitishi sana ukishachuma wiki moja. Na anayetia kwenye pakiti auze dukani anahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama chakula kingine chochote.

Kikombe kimoja cha mililita 250 chataka maua makavu 5 hadi 8, au mabichi 8 hadi 10. Mimina maji yaliyochemka na kutulia dakika moja, funika, ngoja dakika tano. Ladha yenyewe ni hafifu, kama maji ya maharage mabichi, tusidanganyane. Watu huinywea rangi, na huitilia tangawizi, mchaichai au asali ipate maana.

Sasa kijani cha jirani. Rangi hii hubadilika kwa kufuata uchachu wa maji. Kwenye maji yasiyo machachu wala ya magadi ni buluu. Kamulia ndimu, matone kumi tu, na utaona uzi wa zambarau ukishuka kutoka pale tone lilipoangukia, kisha kikombe kizima kinageuka. Ukizidisha ndimu inakuwa waridi. Maji ya ukwaju hufanya vivyo hivyo. Upande wa pili, maji yenye magadi huisukuma kuelekea kijani. Maji ya visima vya matumbawe yamebeba chokaa, na yakichemka ndipo uchachu wake mdogo unapotoka na mvuke. Chai yake haikuharibika. Atumie maji ya mvua au ya chupa, au atie tone moja au mawili ya ndimu, arudi kwenye buluu.

Ndiyo maana pia wali wa nazi uliotiwa rangi hii hutoka vizuri. Tui si chachu sana, na rangi hubaki buluu. Loweka maua makavu 20 kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, chuja, tumia maji hayo badala ya kikombe kimoja cha maji ya kupikia nusu kilo ya mchele. Wamalaysia wa Kelantan wana wali wao wa buluu wa namna hii tangu zamani. Nchini Marekani rangi iliyokamuliwa kwenye ua hili iliruhusiwa kutiwa kwenye vyakula mwaka 2021.

Tahadhari: ni ua tu. Mbegu na mizizi huendesha tumbo, watoto wasiachiwe kuchezea maganda. Mjamzito, na anayetumia dawa za kila siku, aulize daktari kwanza.

Nina mbuzi wa maziwa watatu na robo eka ya majani ya nepia. Nasikia klitoria inaongeza maziwa. Nipande wapi na niwape kiasi gani? Mfugaji, Mtwapa

Uko karibu na chimbuko la jambo lenyewe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa ndicho kilichoshughulika na klitoria kwa wakulima wadogo wa ng'ombe wa maziwa wa pwani, hasa miaka ya 1990, ikipandwa pamoja na nepia na mahindi. Wataalamu wao wako hatua chache kutoka kwako. Nenda ukaulize mbegu.

Sababu ya kuipanda ni protini. Nepia iliyokatwa kwa wakati ina takriban asilimia 8 ya protini, na ikikomaa hushuka zaidi. Klitoria ina karibu mara mbili ya hiyo au kupita. Mbuzi anayekamuliwa kwa nepia peke yake hujaza tumbo na bado maziwa hayapandi.

Kwenye nepia iliyopandwa kwa mistari ya mita moja, weka mstari mmoja wa klitoria katikati. Mashimo yaachane sentimita 25, mbegu mbili au tatu kila shimo, zilizosuguliwa msasa kama tulivyomweleza Bi M. Robo eka itakula nusu kilo ya mbegu hivi, maana kilo moja ina mbegu zaidi ya 20,000. Panda siku zile zile nepia inapokatwa, ili miche ipate mwanga. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: wanapanda katikati ya nepia ya mita moja na nusu, miche inachomoza, inakosa jua, na baada ya mwezi mkulima anasema mbegu zilikuwa mbovu. Palilia mara mbili katika wiki nane za kwanza. Klitoria changa ni mvivu, hukua polepole mpaka mizizi ishike. Ikishashika huwezi kuikamata.

Usikate kabla ya miezi mitatu. Ukikata, acha kisiki cha sentimita 15, na si chini. Macho ya kuchipua upya yako shinani juu juu, ukikata hadi ardhini umeondoa yote. Kwa sababu hiyo hiyo usiwafungulie mbuzi wajichungie wenyewe, watailamba hadi mzizi kwa siku mbili. Kata na uwapelekee. Mzunguko wa wiki sita hadi nane huiwezesha kuendana na nepia.

Mbuzi wa kilo 35 hadi 40 hula kilo 5 hadi 6 za majani mabichi kwa siku. Klitoria iwe theluthi, yaani isizidi kilo 2, iliyobaki nepia. Anza na kiganja kimoja, ongeza taratibu kwa wiki nzima, maana vijidudu vya tumboni navyo vina mazoea yake. Majani yaliyolowa umande yaanike kivulini saa mbili tatu kwanza. Kwa kiangazi unaweza kukausha: anika kivulini, na geuza asubuhi kukiwa na unyevu kidogo, ukigeuza mchana vijijani vyote vitapukutika ubaki na fimbo, na protini ilikuwa kwenye vijijani.

Na mbolea ya naitrojeni kwenye nepia hiyo, punguza. Nepia ikikurupuka kwa urea itaifunika klitoria na utabaki na ulichokuwa nacho.

Wadudu gani wanaushambulia? Vidoa vidogo vyeupe vimejaa majani. Msomaji, Changamwe

Geuza jani. Ukiona utando mwembamba kama wa buibui na vitu vinavyotembea vidogo kama nukta, ni utitiri mwekundu, mgeni wa miezi ya ukavu na wa kuta zinazoakisi joto. Pulizia maji kwa nguvu chini ya majani kila siku tatu. Wakikaidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, na uoshe asubuhi. Maua yaliyopuliziwa usiyatie chai. Viwavi na panzi hutoboa majani lakini ni nadra kuua mmea. Klitoria ina protini zake ndogo zinazowachukiza wadudu, na Waaustralia wametengeneza dawa ya pamba kutokana nazo. Mmea unaonyauka mchana na kuamka usiku huku udongo una maji, ung'oe: ukikuta mizizi imevimba yenyewe, mwili mzima, hao ni minyoo fundo. Kifundo cha naitrojeni kimebandikwa ubavuni na hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo haubanduki.

Kwa nini likaitwa klitoria? Msomaji, Ganjoni

Limetoka kwenye jina la kisayansi, *Clitoria ternatea*, alilolitoa Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Neno la pili ni kisiwa cha Ternate, Indonesia. La kwanza alilichukua kwenye umbo la ua. Msomaji mzima ataelewa, na gazeti hili husomwa na watoto.

Kila nikienda kuchuma mbegu nakuta maganda yamepasuka, mbegu zimetawanyika. Bi H., Bombolulu

Ganda likikauka kabisa hujisokota kwa ghafla na kurusha mbegu mita moja au mbili. Mchana wa jua utasikia mlio wake kama kijiti kinachovunjika. Chuma likigeuka rangi ya majani makavu huku kikonyo bado kina ukijani, na uchume asubuhi mapema, umande ukiwa umelilainisha. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi uliofungwa mdomo, juu ya kabati, wiki mbili, yapasukie humo. Mwenye mimea ya maua ya rangi mbili, ya buluu na ya nyeupe, achume kila rangi na mfuko wake; ua hujichavusha lenyewe mara nyingi kabla halijafumbuka, hivyo watoto hufanana na mama.

Anika mbegu kivulini siku tatu zaidi, chagua zenye tundu la mdudu utupe, na ziweke kwenye chupa kavu na kijiko cha jivu la kuni lililochekechwa. Yale maganda yaliyokuponyoka yataota chini ya uzio mvua ikianza. Ng'oa yakiwa bado na majani mawili, kabla mzizi haujashuka. Baada ya hapo ni kazi ya jembe.